Naomba ushauri: dada yangu anapoteza usikivu masikio yote mawili

Ndugu zangu, salaam kutoka Arua. Dada yangu ana miaka 34, anauza vitenge sokoni. Mwezi wa tatu sikio la kushoto lilianza kuziba na kuvuma kama jenereta. Wiki chache baadaye likafuata la kulia. Siku nyingine anasikia kidogo, kesho yake hata adhana haimfikii. Inaniuma kumwona akikodolea macho midomo ya wateja.

Zahanati moja walimtoa nta, wakampa matone, basi. Hajawahi kuugua homa ya uti wa mgongo wala kuchomwa sindano za jentamaisini, dawa inayoweza kudhuru masikio. Ila vidole humvimba asubuhi, na jicho limeshakuwa jekundu mara mbili.

Daktari mwingine ametuambia kinga ya mwili inaweza kushambulia sikio la ndani, peke yake au pamoja na lupasi (kinga kushambulia sehemu nyingi za mwili) au baridi yabisi. Jicho hilo lilimfanya ataje ugonjwa wa Cogan, unaoshika macho na masikio pamoja. Anasema hakuna kipimo kimoja cha damu kinachothibitisha. Kwanza kaswende, inayoweza pia kuleta uziwi, iondolewe shaka, kisha apewe vidonge vya predinisoloni (dawa ya kutuliza kinga) na usikivu upimwe kabla na baada. Akichelewa, uziwi unaweza kuwa wa kudumu.

Tumepanga kushuka hospitali ya Mulago, Kampala. Je, tuanzie kwa daktari wa masikio au wa viungo? Na aliyewahi kumeza predinisoloni dozi kubwa, sukari yake ilikuwaje? Mama yetu ana kisukari, ndiyo maana naogopa.