Saluni ya jirani hapa Langoni: nijaribu au nisubiri Mombasa?

Mgeni wa Langoni: Jamani, huu mwezi wa tatu tangu nihamie Lamu kikazi. Nywele zangu zina dawa ya kunyoosha na mizizi imeota vidole viwili. Msusi wangu yuko Mombasa; boti hadi Mokowe, kisha basi, kwa ajili ya kichwa tu? Nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna mama anasuka uani, pazia mlangoni, na amenikaribisha mara mbili. Lakini mwaka jana saluni moja iliniunguza, nikakaa na kigaga nyuma ya sikio wiki mbili. Halafu kichochoro chetu punda akipita unabana ukutani. Nisipopendezwa, nitapitaje mlangoni kwake na kichwa kilichosukwa kwingine?

Msusi Mstaafu: Usianze na dawa. Nenda ukaoshwe na kusukwa matuta, umwangalie mkono. Kitana kina nywele za nani? Taulo ni la aliyetoka sasa hivi? Akikuridhisha, ndipo mwongee dawa. Siku mbili tatu kabla usioshe kichwa wala kujikuna. Akupake mafuta ya mgando masikioni na kwenye kingo za nywele, na dawa iingie kwenye mizizi tu, huko nchani kumeshaiva. Ikianza kuchoma, sema hapo hapo. Akikwambia "vumilia ishike", mwambie asuuze kwanza, ugomvi baadaye.

Mama Zuu: Mwanangu, mai ya visima yana munyu. Mwulize dawa yake ni ya kopo moja au ile ya kuchanganya. Ya kuchanganya haichomi sana, lakini huacha chokaa kwenye nywele, na ukisuuza kwa maji haya zinakuwa kama makumbi.

Msusi Mstaafu: Kweli kabisa. Ya kopo moja huacha nywele laini, ila ngozi yako imeshaungua mara moja. Mimi ningechukua ya kuchanganya na kutafuta maji ya mvua.

Pwani Tamu: Kuhusu kupita mlangoni: mapema tu mwambie una msusi wako wa siku nyingi Mombasa. Jirani hanuni kwa huyo. Hununa ukienda kichochoro cha pili 😂

Mgeni wa Langoni: Nimerudi. Nimeenda jana, matuta manane ya kurudi nyuma. Alichana kwa kitana cha meno mapana kuanzia nchani, taratibu, kwa mkono mmoja ameshika shina nisivutwe. Yule wa mwaka jana alianzia mzizini kama anang'oa magugu. Maji ya mwisho alichota kwenye pipa la mvua bila kuombwa. Dawa tumepanga Alhamisi hii inayokuja, ya kuchanganya.

Taulo sasa. Lilikuwa bichi nilipofika. Alhamisi naenda na langu, nitasingizia ngozi yangu ina mzio.

Mama Zuu: Na kitana pia, mwanangu.