Mrejesho: Gongo la besiboli la kijana wa miaka 10

Niliuliza kati ya gongo la alumini na la nyuzi za kaboni, lipi limfae kijana wangu. Shukran kwa mlionijibu. Tumechukua la kaboni: inchi 29, aunsi 19, lina muhuri wa USA Baseball, shirikisho la besiboli la Marekani, kuonyesha limekidhi viwango vyao vya magongo ya watoto.

La aunsi 21 tulilojaribu kwanza lilishindwa jaribio la uzito mlilosema. Mtoto akilishika kwa mkono mmoja, mkono umenyooshwa kando usawa wa bega, ncha isishuke kabla ya sekunde 20. Lilishuka mapema, tukalirudisha.

Kulizoesha gongo jipya la kaboni, yaani kulegeza nyuzi zake polepole, ndiko kazi ilipo. Mipigo 150 hivi, mpira ukiwa umewekwa juu ya kigingi cha mazoezi, mwanzo kwa nusu ya nguvu. Kila mpigo unalizungusha robo, la sivyo nyuzi zitalegea upande mmoja na ufa utaanzia hapo. Mpira uwe wa ngozi na mkavu. Ile mipira ya mashine ya kurushia, yenye vishimo, ni migumu mno. Mahali pengine huonywa kuhusu baridi, chini ya nyuzijoto 15. Mombasa hiyo tusahau! Hapa adui ni buti la gari lililoegeshwa juani, maana joto hudhoofisha gundi.

Baada ya mazoezi napitisha ukucha kwenye pipa lote, ile sehemu nene inayopiga mpira. Ukikwama, ni ufa.