Droo ya nani iwe juu?

Kikundi: Watoto wa Mama

Mimi: Shikamoo mama. Wengine hamjambo? Nimeona vimeza viwili pacha vya kando ya kitanda, kwa ajili ya chumba cha wanangu. [picha] Nichukue?

Mama: Marahaba mwanangu. Vizuri kweli.

Wifi: Vinapendeza wifi, ila hizo kona! Yule mdogo si ndiye anayerukaruka kitandani?

Mimi: Ndiye huyo 😩

Kaka: Ngoja kwanza. Umepima?

Mimi: Kwa macho

Kaka: 😂😂 Chukua futi. Nipe nafasi iliyopo kati ya vitanda, kimo kutoka sakafuni mpaka juu ya godoro, na vipimo vya hicho kimeza.

Mimi: Haya. Kati ya vitanda sm 70. Godoro 48. Kimeza upana 45, kimo 65.

Kaka: Viwili havikai dada. 45 mara mbili ni 90.

Mimi: Si naweka kimoja kila upande, huku ukutani?

Kaka: Halafu vitanda visogee katikati, 45 huku, 45 kule? Ile 70 imeshaliwa yote, na bado unadaiwa 20. Watoto wapitie wapi, darini?

Kaka: Halafu kimo. Godoro 48, kimeza 65. Mtoto kalala, anapapasa juu gizani, kikombe cha maji kinamshukia usoni. Kimeza kiwe usawa wa godoro. Kikizidi, vidole viwili vitatu basi.

Kitindamimba: Mimi nilimwagiwa maji na mtu fulani humu aliyekuwa analala juu ya deka 👀

Kaka: Ujumbe huu umefutwa

Kitindamimba: Tumeshausoma kaka

Mama: Nyinyi mlikuwa na stuli moja tu, na mkaichora mstari wa chaki katikati.

Mimi: Ndiyo maana nilitaka viwili. Kikiwa kimoja hapa hakulaliki.

Wifi: Kiwe na droo mbili, kila mtu yake.

Mimi: Nimeshawaambia. Sasa ugomvi ni ya nani iwe juu. Mkubwa anasema yeye ndiye mkubwa. Mdogo anasema ya chini ina giza.

Kitindamimba: Da', tafuta chenye droo za ubavu kwa ubavu. Kila droo upande wa mwenyewe, hakuna juu wala chini.

Mimi: 😳 Wewe mtoto una akili

Kaka: Hapo kasema. Kiwe kifupi na kipana, hata 60, bado shuka zitapata pa kuning'inia. Tena droo za kupandana watoto huzifanya ngazi. Akizivuta zote akakanyaga, uzito unakuja mbele na kabati zima linamlalia. Hicho kifupi nacho nitakuja kukifunga ukutani kwa skrubu.

Mama: Hata kifupi?

Kaka: Hata kifupi mama. Yule anayeruka hachagui. Dada, dirisha liko wapi?

Mimi: Ukuta wa pili, mbali na vitanda.

Kaka: Sawa. Kisije kikahamia chini ya dirisha, atapandia.

Wifi: Na taa? Mmoja anasoma, mwenzake anataka kulala.

Mimi: Nilifikiria taa moja juu ya kimeza

Wifi: Hapana wifi, itakula nafasi yote na waya utawanasa miguu. Weka mbili ndogo za ukutani, kila mmoja na swichi yake kichwani pake. Balbu za LED, hazipati moto kama zile za zamani.

Mimi: Sawa. Kimeza kimoja, droo mbili za ubavuni, kona za mviringo, taa ukutani. Kaka uje Jumamosi.

Kaka: Na drili yangu. Ukutani hapo ndani mna nyaya?

Mimi: Soketi iko katikati kabisa

Kaka: Basi usipige hata msumari mpaka nifike.

Mimi: Jamani mkubwa alikuwa anasoma begani kwangu. Anauliza, droo sawa, ila huko juu ya meza pa nani?

Mama: Mpe chaki.