Nimelipia kifurushi cha besiboli msimu mzima, timu sita zimefungwa kwa sababu naishi Iowa

Wakuu, habari za saa hizi. Hapa ni saa saba usiku, nimetoka zamu, na nina hasira ambayo hainipi usingizi. Uzi ni mrefu, nivumilieni.

Naishi Des Moines, Iowa, mwaka wa nane sasa. Mwezi wa tatu nililipia kifurushi cha besiboli cha msimu mzima, karibu dola 150, kupitia kampuni moja ya televisheni ambayo jina lake naliacha. Muuzaji aliniuliza anwani, nikamtajia mpaka namba ya posta. Nikamwambia wazi kwamba ninanunua kwa ajili ya mwanangu, ana miaka tisa, na anachotaka ni Cubs ya Chicago. Akanijibu nitaona ligi nzima. Nikatoa kadi nikalipa.

Siku ya kwanza dogo amevaa kofia yake ya bluu, bisi ziko mezani, nabonyeza mechi ya Cubs: skrini nyeusi. Maandishi yanasema mechi hii haioneshwi katika eneo lako. Nikadhani ni hitilafu. Nikazima modemu, nikaiwasha, nikafuta programu, nikaiweka upya. Nyeusi. Nikajaribu Cardinals ya St. Louis, nyeusi. Royals ya Kansas City, nyeusi. Mtoto ananiangalia mimi, sio tivii.

Kwa walioko nyumbani wasiofuatilia mchezo huu, naeleza. Kila timu ya MLB, yaani ligi kuu ya besiboli ya Marekani, ina eneo lake la televisheni. Kifurushi ninachokisema kimetengenezwa kwa mtu anayeishi mbali na timu anayoipenda. Uko Iowa unashabikia Boston, unaona Boston karibu kila siku. Ila ukihesabiwa kuwa uko ndani ya eneo la timu, mechi zake zote zinafungwa kwako, ili ukalipie kituo cha mkoa kilichonunua haki zake. Kwa mtu anayekaa Chicago kabisa naweza kuelewa, anacho kituo chake na uwanja anafika kwa treni. Iowa haina timu hata moja ya ligi kuu. Tumezungukwa na timu za jirani, na sita kati yao zimeandikwa kwamba hapa ni kwao: Cubs, White Sox (nayo ya Chicago), Cardinals, Royals, Twins ya Minnesota na Brewers ya Milwaukee. Zote sita kwa pamoja!

Na haijalishi zinachezea wapi. Twins wakisafiri mpaka Seattle, mimi wa Des Moines bado nimefungiwa. Usiku ambao timu zote 30 zinacheza kuna mechi 15, na hizo sita zikiwa kila moja na mpinzani wa nje, mechi sita zimepotea kwangu. Kifurushi nimekilipa bei ileile anayolipa mtu wa jimbo lingine anayefungiwa timu moja tu.

Sasa tupime huo ujirani. Kutoka hapa mpaka Kansas City ni zaidi ya kilomita 300, na hao ndio wa karibu. Minneapolis inakaribia 400. Chicago na St. Louis ni zaidi ya 500. Milwaukee ni kama 600. Ni sawa na mtu wa Iringa kuambiwa uwanja wa Benjamin Mkapa uko mtaani kwake, kwa hiyo asioneshwe mechi kwenye tivii. Nyumbani ukilipia king'amuzi unaitazama Simba na Yanga ukiwa Iringa, Kigoma au Mtwara, hakuna anayekuuliza umekaa kilomita ngapi kutoka uwanjani. Huku kwenye nchi iliyoanzisha mchezo wenyewe, ukaribu umegeuzwa kuwa kosa.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Hapa Des Moines tuna timu ya daraja la chini ya ligi kuu, Iowa Cubs, iliyo chini ya Cubs ya Chicago tangu 1981. Uwanja wao, Principal Park, uko pale mito ya Des Moines na Raccoon inapokutana, na ukikaa nyuma ya mpigaji unaliona kuba la dhahabu la bunge la jimbo kwa mbali. Tiketi zake mtu wa kipato changu anazimudu. Ndipo mwanangu alipoujulia mchezo huu. Mwaka 2023 alikuwepo kijana anaitwa Pete Crow-Armstrong, anacheza katikati kule nyuma, anafukuza mpira kama hana uzito. Dogo akamchagua, akawa wake. Kila tukienda anamtafuta yeye kwanza. Mwaka uliofuata akaanza tena msimu hapa, kisha wakampandisha Chicago na sasa ni nyota, 2025 akaanza kwenye kikosi cha mechi ya nyota wa ligi.

Kwa hiyo mtoto huyu alimpigia makofi akiwa bado anajifunza, kwenye uwanja wa mji wake. Amefika juu, mwanangu haruhusiwi kumtazama. Mtoto wa Florida anaruhusiwa. Mtoto wa Alaska anaruhusiwa. Wa Des Moines, aliyemwona kwa macho yake, hapana, kwa sababu eti yuko karibu mno. Nimueleze vipi? Nimejaribu, akaniuliza, "Baba, kwani sisi tumefanya nini?"

Mwaka 2021 ligi ilikuja yenyewe Iowa, ikajenga uwanja katikati ya mashamba ya mahindi kule Dyersville, White Sox wakawafunga Yankees ya New York 9 kwa 8, pigo la mwisho la Tim Anderson likazama ndani ya mahindi. Nchi nzima ikaona, nasi tukaona kwa kuwa ilirushwa kitaifa. Mahindi yetu walifurahi kuyapiga picha. White Sox wakarudi Chicago, na sisi tukarudi kwenye skrini nyeusi.

Najua kuna atakayesema nilipie hivyo vituo vya mikoa. Nimepiga hesabu. Kituo cha Cubs, Marquee, kilianza kuuzwa peke yake mtandaoni mwaka 2023 kwa dola 19.99 kwa mwezi. Msimu ni miezi sita, hapo ni kama dola 120 kwa timu moja, juu ya zile 150 nilizokwisha kutoa. Na baada ya kulipa huko bado mechi zinachukuliwa: tangu 2022 baadhi ya mechi za Ijumaa ziko kwenye huduma ya video ya Apple, nyingine zinakwenda kwenye vituo vya taifa. Mwenye hamu ya kuona mechi zote 162 za timu moja anahitaji rundo la malipo. Mimi nafanya kazi ghalani, nalipa kodi ya nyumba na natuma nyumbani kila mwezi.

Nilipiga simu kudai hela yangu. Dakika 40 kwenye muziki. Wa kwanza akasema ni sheria ya ligi. Nikauliza kwa nini muuzaji hakuniambia wakati anwani yangu alikuwa nayo mbele yake. Akanihamisha. Wa pili akasema muda wa kurudishiwa umepita, na kwamba maelezo yalikuwepo kwenye masharti. Nikayatafuta hayo masharti: yapo kweli, maandishi madogo, na orodha ya timu kwa namba ya posta unaipata ukishafungua ukurasa mwingine kabisa. Yule muuzaji alikuwa na sekunde kumi tu za kuniambia "Iowa utakosa timu sita". Hakusema, kwa sababu angesema nisingenunua.

Watu wamelipigania hili. Mwaka 2012 mashabiki walifungua kesi New York kuhusu ramani hizi. Januari 2016 wakamalizana: bei ikashuka, kikaja kifurushi cha timu moja. Ramani ikabaki. Na nyuma ya yote kuna hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1922 iliyosema besiboli sio biashara ya kati ya jimbo na jimbo, ikaiweka nje ya sheria za ushindani. Leo kituo cha Chicago kinaniuzia mechi mimi wa Iowa, hiyo sio biashara ya kuvuka jimbo? Rob Manfred, mkuu wa ligi, ameshasema hadharani anataka kuondoa kufungiwa huku, lakini mikataba mikubwa ya taifa inakwisha baada ya msimu wa 2028. Mwanangu ana miaka tisa SASA.

NYONGEZA: Mnaonishauri niweke VPN (programu ya kuficha uko wapi), asanteni, ila sitaki kumfundisha mtoto kudanganya anakaa wapi ili aone kitu ambacho baba yake amekilipia. Na mnaosema nisubiri, ni kweli mechi hufunguliwa kama dakika 90 baada ya kumalizika. Mechi ya saa moja jioni inakwisha karibu saa nne usiku, ifunguliwe saa tano na nusu, na shule asubuhi. Kwa sasa tunasikiliza sauti ya redio, hiyo haifungwi. Anakaa sakafuni anachora uwanja kwenye daftari, mpira ukipigwa anaweka alama.

Malalamiko nimeanza kuyaandika kwa ofisi ya mwanasheria mkuu wa Iowa, kitengo cha kuwalinda wateja. Najua Las Vegas nako wamefungiwa timu sita, na Hawaii wamefungiwa timu za pwani ya magharibi wakati kuna bahari nzima katikati. Mdau yeyote wa huko, au wa hapa Iowa, aliyewahi kurudishiwa hela ya kifurushi cha aina hii, naomba aje aniambie alimwandikia nani na aliandika nini.