Kuanza kutafakari: pumzi, neno, mwili au kutembea?

Mshonaji_Birere
Habari za jioni, ndugu zangu. Ninashona hapa Birere, mjini Goma, siku nzima nimeinamia cherehani. Nikilala usiku kichwa kinaendelea kushona: deni la vitenge, karo ya watoto, maneno ya mteja ambaye gauni halikumkaa. Nimeamua kujifunza kutafakari, lakini kila ninayemuuliza ana lake. Huyu ananiambia hesabu pumzi, yule rudia neno moja, mwingine pitisha fikira mwilini kuanzia vidole vya mguu. Nina robo saa tu, saa kumi na moja alfajiri kabla watoto hawajaamka. Nyumba ni ya mbao, jirani akikohoa namsikia. Ninyi mliojaribu, mlishika ipi, mkaacha ipi, na kwa nini?

Yaya_Himbi
Mdogo wangu, anza na pumzi. Mimi ni muuguzi, na zamu za usiku ndizo zilizonisukuma huko. Keti kwenye kiti, nyayo zote mbili chini, mgongo wima bila kuegemea. Pumzi ikitoka, hesabu moja. Ikitoka tena, mbili. Ukifika kumi, rudi moja. Ndivyo wanaoanza Zen, tafakuri ya Kibudha, kule Japani wanavyofundishwa mara nyingi, macho yakiwa nusu wazi. Utapotea. Utafika tatu, halafu ushtuke uko kwenye deni la vitenge. Rudi moja bila kujigombeza, hata iwe mara mia. Na iache pumzi itoke polepole kuliko inavyoingia. Tunapotoa pumzi moyo hupunguza mwendo kidogo. Weka vidole kwenye mshipa wa mkono utausikia. Wiki ya kwanza dakika tano zinatosha.

Ile ya kupitisha fikira mwilini ningekupa ya usiku. Unalala chali, unaanza na vidole vya mguu wa kushoto, unapanda taratibu mpaka utosini, kila mahali unasikiliza tu pakoje. Jon Kabat-Zinn aliiweka katika mafunzo aliyoyaanzisha mwaka 1979 kwenye chuo cha tiba cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha. Wewe mwenye shingo ya cherehani itakusaidia. Ila alfajiri itakurudisha usingizini, hilo nakuhakikishia.

Kijana_Ndosho
Mimi nilikuwa nimevutwa na njia ya Maharishi Mahesh Yogi, mwalimu kutoka India. Mwalimu anakupa neno lako, unakaa nalo kimya dakika 20 asubuhi na dakika 20 jioni. Wanaoifuata wanaisifu kwamba haina kupambana na mawazo. Mafunzo yake hulipiwa, hapo ndipo nilipokwama. Nikasoma pia kuhusu siku 10 za Vipassana, tafakuri nyingine ya Kibudha, kwa mfumo wa S. N. Goenka. Huko halipishwi mtu, wanapokea sadaka ya waliomaliza. Lakini unaamshwa saa kumi usiku, unaketi karibu saa 10 kwa siku, husemi na mtu, simu na vitabu unaviacha. Yaya, nijiandae kwenda?

Yaya_Himbi
Hapana, bado. Kaa kwanza miezi kadhaa na dakika kumi zako hapo nyumbani. Siku 10 za ukimya zinachimba ndani sana, na wenyewe huwaambia watu wenye ugonjwa mzito wa akili wasijiandikishe.

Papa_Katekista
Mama Mshonaji, kama wewe ni mtu wa Neno, huna haja ya kutoka nyumbani kwenu. Guigo wa Pili, mtawa Mkartusi wa karne ya 12, aliieleza njia ya kutafakari Maandiko kama ngazi yenye vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kusali, kisha kutulia mbele za Mungu. Chukua mstari mmoja wa Zaburi ya 23. Usome kwa sauti ndogo mara tatu, mpaka neno moja likushike. Kaa nalo. Kwangu wiki nzima lilikuwa «sitapungukiwa», na nilikuwa sina unga ndani.

Kuna pia mtawa Mbenedikto, John Main, aliyefundisha kurudia «maranatha» kwa silabi nne zilizo sawa, asubuhi na jioni. Na ukisikia mtu anasema kuhesabu pumzi ni kuabudu miungu mingine, usihangaike. Hesabu ya pumzi haina sala ndani yake. Ukitaka iwe sala, utaitia wewe.

Bint_Mabanga
Sisi tuna dhikri. Baada ya swala, Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34, tasbihi mkononi. Nimejaribu na pumzi pia, lakini ninachokipenda kwenye tasbihi ni vidole kuwa na kazi. Punje inapita, nyingine inakuja, na akili inatulia kama mtoto aliyebebwa mgongoni.

Nyumba_ya_Buhene
Nimesoma yote haya, sasa naomba mnisikilize. Yaya ana haki, lakini mimi pumzi ilinifanyia vibaya. Nilifumba macho nikahesabu kama nilivyoelekezwa. Kabla sijafika kumi mara ya pili, nilikuwa nimerudi Buhene, usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Mbingu nyekundu, mtoto kifuani, godoro kichwani kwa mume wangu, na ule moshi wa volkano ya Nyiragongo unaokwaruza koo. Nikafungua macho natetemeka. Nikadhani nimeshindwa kutafakari, nikaacha mwaka mzima.

Mshauri mmoja wa mambo ya majonzi ndiye aliyenieleza. Kwa mtu aliyepitia makubwa, giza na ukimya vinaweza kuyafungulia mlango yaliyofichwa. Akanifundisha kuweka macho wazi. Nakanyaga jiwe la mlangoni bila viatu, nasikia ubaridi na yale matundu yake. Nataja vitu vitano ninavyoviona, vinne ninavyovigusa, sauti tatu, harufu mbili, ladha moja. Baadaye ndipo niliongeza pumzi, tatu tu, macho yakiwa kwenye sufuria iliyo mekoni. Mji huu una wengi kama mimi, waliokimbia moto na waliokimbia risasi. Tafadhali, msimwambie kila mtu afumbe macho. Na picha zikirudi kila unapokaa, usijikaze peke yako, tafuta mtu wa kazi hiyo.

Yaya_Himbi
Aksanti, mama. Ningepaswa kulitaja mimi, kwa kazi ninayoifanya. Pole sana.

Mlinzi_Katindo
Kwa mama wa Buhene na wote ambao kuketi kunawashinda: tembeeni. Usiku kazini nina hatua ishirini kutoka lango hadi kona ya ukuta. Mguu ukipanda nasema moyoni «inua», ukienda «peleka», ukigusa chini «weka». Nikifika kona nasimama, pumzi moja, nageuka. Macho wazi, masikio wazi, kazi inaendelea. Watawa wa Kibudha hutembea hivi kati ya vipindi vya kuketi.

Mshonaji_Birere
Ndugu zangu, ni siku ya tisa, narudisha majibu. Pumzi peke yake niliishika siku tatu. Nilikuwa naisukuma kama pedeli ya cherehani, kifua kikabana. Zaburi niliipenda, ila nikisoma mtoto mdogo anaamka anataka kusomewa naye. Ya mwili naifanya kitandani, sijawahi kuvuka magoti kabla usingizi haujanichukua, na kwa hilo pekee nawashukuru.

Ya alfajiri niliipata kwa Bint Mabanga, bila yeye kujua. Nilichukua utepe wangu wa kupimia. Naketi mlangoni, macho wazi. Pumzi ikitoka, kidole gumba kinasogea sentimita moja. Nikipotea, narudi kwenye namba ambayo kidole kimeishika, wala sianzi upya. Jirani akikohoa, namwacha akohoe, nasogeza.

Mama wa Buhene, kile cha kukanyaga jiwe nimekiongeza nami. Kesho alfajiri ukitoka mlangoni kwako, ujue na huku Birere kuna mwenzio yuko peku. Leo nimefika sentimita arobaini na mbili kabla hawajaniita.