Kodi ya zuio, nauli na pango: nini kinaingia kwenye ritani ya aliyejiajiri?

Swali
Wakuu, nafanya kazi za mkataba, sijaajiriwa. Ankara ilikuwa 200,000: ujira 180,000 na nauli 20,000 ya kurudishiwa. Mteja akakata kodi ya zuio asilimia 5 ya ujira (9,000), benki ikala 1,000, zikaingia 190,000. Kwenye ritani, ile taarifa ya mapato ya mwaka ninayopeleka mamlaka ya kodi, niandike ipi? Na pango la nyumba ninayofanyia kazi, kompyuta na simu, vinatolewa kwenye mapato kama gharama?

Jibu la 1
Usiandike 190,000. Hiyo ni hela iliyofika benki tu. Mapato ni ujira kabla ya makato yoyote, yaani 180,000. Ile 1,000 ya benki ni gharama ya biashara, itoe. Ile 9,000 si gharama. Ni kodi yako iliyotangulizwa, nayo inapunguza kodi yenyewe mwisho wa hesabu. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Chukulia kiwango chako ni asilimia 20: ukiitoa kama gharama unaokoa 1,800 tu, ukiidai kama kodi iliyokwisha kulipwa unaokoa 9,000 nzima. Mdai mteja cheti cha kodi ya zuio mara tu anapolipa, kwani baada ya miezi kadhaa mhasibu amehama na faili halionekani.

Mteja naye anapeleka taarifa zake kwa mamlaka ya kodi. Ya kwake ikisoma 180,000 na ya kwako pungufu, tegemea barua.

Jibu la 2
Pango linapimwa. Chumba cha mita za mraba 12 ndani ya nyumba ya mita 60 ni asilimia 20 ya pango na umeme. Kama usiku watoto wanalala humo humo, punguza tena kwa saa za kazi. Nchi nyingine hazikubali kabisa chumba chenye matumizi mawili, kwa hiyo soma sheria ya kwako kabla hujashika futi.

Kompyuta mara nyingi haitolewi yote mwaka mmoja, inagawanywa kama uchakavu. Ya 120,000 kwa miaka 3 ni 40,000 kwa mwaka. Ukiitumia kazini asilimia 80, unatoa 32,000. Simu vivyo hivyo: chukua bili za miezi miwili mitatu, hesabu zilizo za kazi, pata asilimia yako. Ukiandika 100 kwa simu ambayo ndiyo pekee uliyonayo, mkaguzi atacheka.

Nguo za kawaida na faini, sahau. Na hela unayojichukulia kila mwezi usiiite mshahara. Hiyo ni faida yako, haitolewi.

Muuliza swali
Asanteni. Ile nauli je? Risiti halisi nilimpa mteja.

Jibu la 1
Ama uiingize 20,000 kwenye mapato na 20,000 kwenye gharama, ama uiache nje pande zote mbili. Kosa ni kuiacha nje ya mapato halafu ukaitoa kama gharama. Kama taarifa ya mteja inasema alikulipa 200,000, fuata njia ya kwanza ili namba zilingane, na uwe na nakala za risiti.

Jibu la 3
Hizo risiti za mashine zipige picha siku hiyo hiyo, wino wake unafutika kabla mwaka haujaisha. Taarifa ya benki peke yake inaonyesha hela imetoka, haionyeshi ulinunua nini.

Jambo moja halijaguswa: ankara ya mwisho wa mwaka inayolipwa mwaka unaofuata. Ukihesabu kwa fedha iliyopokelewa, ni mapato ya mwaka mpya. Ukihesabu kwa ankara, ni ya mwaka wa zamani. Angalia kwanza sheria inakuruhusu njia ipi, kisha usiruke ruke. Anayebadilisha katikati huishia kuandika ankara ile ile mara mbili, au kuisahau kabisa.