Ushauri: mbizi 40 za Mnemba na Pemba, sasa nataka kuzamia Norway

Mlango wa Chwaka:
Wakuu, salaam. Nina cheti cha ngazi ya pili, mbizi 40, zote kwa suti ya milimita 3. Naishi Hamburg na nina siku 9 mwezi wa nane. Nachagua kati ya Gulen, Narvik na Saltstraumen. Kuna aliyenitajia pia Scapa Flow ya Scotland. Nianzie wapi, na vifaa gani ninunue, vipi nikodi? Regulata yangu (kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi) ni ile ya kukabwa kwa kishikio na skrubu, kama zilivyo nyingi Unguja.

Nanga Kavu:
Gulen, bila kujiuliza. Iko kaskazini ya Bergen, karibu na mdomo wa Sognefjord (fjord ni ghuba nyembamba ya bahari iliyoingia ndani ya nchi). Visiwa vinakinga upepo, kwa hiyo ukivurunda unavurunda kwenye maji yaliyotulia. Wapiga picha huenda huko kwa ajili ya konokono wasio na gamba. Kuna pia Frankenwald, meli ya mizigo ya Kijerumani iliyozama Januari 1940 na bado imesimama wima. Hiyo iachie siku za mwisho, ni ya kina.

Narvik ni ya wapenda historia. Tarehe 10 na 13 Aprili 1940 vita vya pale viliwagharimu Wajerumani manowari 10. Wilhelm Heidkamp na Anton Schmitt zimelala bandarini. Zinalindwa, hata ganda la risasi hulitoi. Georg Thiele ndiyo inayoponza watu: pua yake bado inachungulia juu ya maji huko Rombaken, fjord ya karibu na mji, halafu mwili unafuata mteremko. Unaanza kwenye kina kifupi, unafuata chuma, ukija kutazama kipimo umeshuka mno.

Scapa Flow ngoja kwanza. Manowari tatu kubwa za Kijerumani zilizozamishwa 1919 na bado ziko chini ya maji zimelala kifudifudi, chini kabisa kama mita 45. HMS Royal Oak, manowari ya Waingereza, ni kaburi la vita, haizamiwi.

Bi Bamvua:
Saltstraumen, mlango wa bahari wenye mkondo mkali karibu na mji wa Bodø, usiende bila kiongozi wa palepale. Mlango una upana wa mita 150 hivi, na kila saa sita hupita hadi mita za ujazo milioni 400 za maji. Wageni wanakosea kutumia jedwali la kujaa na kupwa la Bodø. Fjord ya ndani hujaa kwa kuchelewa, hivyo mlangoni maji husimama baada ya bahari ya nje kwisha kujaa. Tumia jedwali la mlango wenyewe. Chagua siku za maji mafu. Wakati wa bamvua dakika za utulivu ni chache mno. Kaa umevaa kila kitu, ingia mkondo ukiwa unakufa.

Ukiona mapovu yako yanashuka badala ya kupanda, umeingia mkondo wa kuvuta chini. Shika mwamba, sogea ukutani, usijaze koti la kuelea kwa pupa: ukiachiwa ghafla utaruka juu kama kizibo.

Mtungi15:
Hakuna aliyegusa suti, na ndiyo mambo yote. Mwezi wa nane juu huwa nyuzi 12 au zaidi kidogo, ukishuka baridi inaongezeka. Fanya kozi ya suti kavu (isiyoingiza maji, yenye hewa ndani) hukohuko Hamburg kabla ya safari. Hewa ikikimbilia miguuni unapinduka na kupanda miguu juu, huku valvu ya begani ikiwa upande wa chini, haitoi kitu. Jikunje magoti kifuani, bingirika hadi kichwa kiwe juu, kisha toa hewa. Rudia hadi usifikirie.

Suti kodi, nguo za ndani za joto nunua. Kola ya mpira ya shingoni ikibana mno hukandamiza mishipa na utapata kizunguzungu. Ikilegea, maji yanaingia. Uzito: kama Mnemba unavaa risasi kilo 4, tegemea 10 hadi 12. Pima mtungi ukiwa umebaki baa 50 (baa ni kipimo cha shinikizo la hewa), siyo ukiwa umejaa.

Mlango wa Chwaka:
Asante sana. Na regulata yangu?

Mtungi15:
Iache nyumbani. Huko mitungi ni ya chuma, lita 12 au 15, na regulata hufungwa kwa kuingizwa kwenye uzi wa valvu. Kodi ya maji baridi, iliyozibwa hatua ya kwanza, yaani sehemu inayofungwa kwenye mtungi, maji yasiingie. Hewa ikishuka kutoka baa 200 hadi kama 10 hupoa sana, maji yaliyo karibu na springi yanaganda, valvu inakwama wazi na hewa inamwagika. Omba mtungi wenye matoleo mawili yenye valvu mbili na regulata mbili, ili ufunge moja na kupumua kwa nyingine. Usiipumulie regulata juu ya boti kwenye baridi, na usijaze suti na koti kwa pamoja huku unavuta pumzi.

Hesabu ya hewa: lita 15 kwa baa 200 ni lita 3,000. Ondoa akiba ya baa 50, zinabaki 2,250. Mita 25 shinikizo ni mara 3.5 ya lile la juu, hivyo mtu wa lita 20 kwa dakika anatumia lita 70, yaani dakika 32. Baridi ikikupandisha kutoka lita 20 hadi 25 kwa dakika, ni dakika 25 tu.

Bi Bamvua:
Andika pia 113 kwa ambulensi na 120 kwa uokoaji baharini. Baada ya siku kadhaa za kuzamia, acha angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege.